Unga Wetu Umepimwa na Nani?



Fanya hivi kabla hujasoma zaidi. Ingia jikoni uangalie unga wa ugali mnaotumia nyumbani. Kama uko kwenye pakiti, tafuta alama ya ubora ya KEBS na nambari ya kibali iliyo karibu nayo. Kama uko kwenye ndoo, basi ni wa kinu: mtu alinunua mahindi kwa gorogoro, akayapeleka yakasagwa, na hapo hakuna alama, hakuna nambari, hakuna tarehe. Kwetu ni ndoo. Kwa familia nyingi ninazozijua kuanzia Majengo na Huruma mpaka Dandora na Kayole, ni ndoo pia, kwa sababu ukiwa na shilingi mia mfukoni kinu kinakuelewa kuliko supamaketi.

Unga wa kwenye ndoo umepimwa na nani?

Nitawaambia kwa nini nauliza. Ramadhani iliyopita tulikusanya zakatul-fitri hapa mtaani kama kila mwaka. Tulikubaliana tutoe chakula chenyewe badala ya pesa, kwa hivyo tukanunua magunia ya mahindi kwa muuzaji wa jumla, tukayasagisha kwa kinu cha jirani, tukapakia usiku kucha, vijana wamechoka lakini wanacheka. Asubuhi ya Idi kila kitu kilikuwa kimefika. Siku ya pili akaja mama mmoja na mfuko wake mkononi. Hakuwa na hasira. Alisema tu, “Mwanangu, huu unga ni mchungu.” Tukapika sufuria ndogo, tukaonja. Ulikuwa mchungu kweli.

Tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuurudisha. Wengine walikuwa wameshakula nusu. Wengine walikataa kuurudisha, wakasema afadhali uchungu kuliko njaa, na wewe ungewajibu nini?

Muuzaji akasema aliuza kama alivyopokea kwenye lori. Mwenye kinu akasema yeye husaga anacholetewa. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, nadhani. Basi tukaenda ofisini. Ofisi ya kwanza ikataka risiti, na risiti yetu ilikuwa karatasi imeandikwa jumla ya pesa, basi. Ofisi ya pili ikatuambia wao hushughulikia bidhaa zenye chapa, huu hauna chapa. Ya tatu ikatuelekeza maabara, kipimo ni cha kulipia, na pesa zote zilikuwa zimeisha kwenye mahindi mengine ya kuwalipa wale tuliowanyang'anya unga. Sampuli ilikaa kwenye kabati la msikiti mpaka ikaingia wadudu.

Mpaka leo sijui tuliwapa watu nini. Pengine yalikuwa mahindi ya zamani tu yaliyochacha. Pengine ilikuwa kitu kibaya zaidi. Uchungu wenyewe hauthibitishi lolote, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa sababu sumu ninayoiogopa haina ladha.

Inaitwa aflatoksini. Watanzania wameipa jina linaloeleweka haraka, sumukuvu, yaani sumu inayotokana na kuvu, ule ukungu unaoota kwenye mahindi na njugu karanga vikiwekwa kabla havijakauka vizuri. Kwenye punje unaweza kuona dalili: punje imebadilika rangi, imeoza, imevunjika, ina ukijani. Ukishasaga, dalili zote zimepotea. Unga unaweza kuwa mweupe, mzuri, unanukia vizuri, na sumu imo. Kupika hakusaidii pia. Ugali wako ukichemka unafika nyuzi 100 hivi, na sumu hii inahimili moto zaidi ya huo. Kwa hivyo ile imani yetu kwamba moto unaua kila kitu, hapa haifanyi kazi.

Ikiwa nyingi kwa mara moja inaharibu ini na mtu anakufa kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kila siku, miaka nenda miaka rudi, inaleta saratani ya ini, na hatari hiyo hupanda sana kwa mtu aliye na homa ya ini aina ya B. Hapa niweke jambo moja pembeni. Chanjo ya homa hiyo iliingizwa kwenye ratiba ya watoto wachanga hapa Kenya mwishoni mwa 2001. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, wengi hatukupata. Hesabu umri wako, kisha uulize kuhusu kipimo siku ukipita hospitalini.

Na usifikiri kwenu mko salama kwa sababu mnakula wali na chapati. Ng'ombe akilishwa nafaka yenye kuvu, sumu hiyo inabadilika kidogo mwilini mwake na kutokea kwenye maziwa. Maziwa hayo tunayanunua kwenye mashine za mtaani kwa shilingi ishirini, na wa kwanza kupewa ni mtoto.

Wenye umri wa kukumbuka 2004 watakwambia hii si stori ya vitabu. Majirani zetu wengi hapa Eastlands kwao ni Ukambani, waulize. Mwaka huo ugonjwa uliingia Makueni, Kitui, Machakos mpaka Thika. Watu walivimba tumbo, macho yakageuka manjano, wakafa. Kufikia 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Na haikuwa mara ya kwanza, kwa sababu 1981 huko huko Machakos watu 12 walikufa kwa sumu hiyo hiyo. Wachunguzi walipopima mahindi ya sokoni ya 2004, zaidi ya nusu ya sampuli zilipita kikomo cha Kenya cha wakati huo, mikrogramu 20 kwa kilo. Nyingine zilipita 1,000.

Sasa angalia ni mahindi gani yaliua. Yalikuwa mahindi ya shambani mwa watu wenyewe na ya soko dogo la karibu, yaliyopimwa kwa mkebe na kusagwa kwa kinu cha kijiji, hayana chapa wala kampuni. Yaani ni binamu wa unga wetu wa ndoo.

Serikali ilijifunza? Kwa upande mmoja ndiyo. Kikomo kilipunguzwa, leo ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, na 5 kwa ile aina kali zaidi, B1. Watafiti wa KALRO na wenzao wa IITA walitengeneza dawa ya shambani inayoitwa Aflasafe, ambayo ni kuvu isiyo na sumu inayomwagwa shambani ili iifukuze ile yenye sumu. Ilisajiliwa Kenya 2015 na inatengenezwa Katumani, Machakos. Hiyo ni kazi nzuri na lazima tuiseme, si kila kitu cha serikali ni uozo.

Lakini ukifuatilia serikali inavyotumia hicho kikomo cha 10, utaona kinaamka na kulala.

Novemba 2019 KEBS ilisimamisha vibali vya chapa tano za unga kwa sababu ya aflatoksini: Dola, Kifaru, Starehe, Jembe na 210. Unakumbuka ile wiki? Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na picha ya rafu za supamaketi zikiondolewa unga. Januari 2020 zikasimamishwa chapa nyingine 17. Baadaye kampuni zikarekebisha, vibali vikarudi, rafu zikajaa. Mimi sisemi chapa hizo leo ni mbaya, zilisimamishwa na zikaruhusiwa tena. Ninachosema ni kwamba mfumo ulifanya kazi pale palipokuwa na pakiti, kampuni na nambari ya kibali ya kufutwa. Wiki ile ile watu waliogopa pakiti, wakakimbilia wapi? Kinu! Nakumbuka foleni. Watu walitoka kwenye unga uliopimwa na kuanguka, wakaenda kwenye unga usiopimwa kabisa, wakajiona wameokoka.

Kisha Machi 2021, mamlaka ya kilimo na chakula, AFA, ikazuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie nchini, sababu ikatajwa kuwa sumu ya kuvu. Malori yakakwama Busia na Namanga. Majirani wakanuna, siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumu haizidi 10, na ghala lijulikane liko wapi. Masharti mazuri sana kwenye karatasi. Lakini mahindi yakishavuka mpaka na kufika Nairobi, yakishushwa Nyamakima na kugawanywa kwenye magunia ya wafanyabiashara wadogo, cheti kinabaki wapi? Mimi nimeuliza wauzaji watatu mtaani. Hakuna aliyewahi kukiona.

Linganisha na bei. Mei 2017 unga ulipopanda, serikali iliweka ruzuku na pakiti ya kilo mbili ikawa shilingi 90. Julai 2022 tena, ikawa shilingi 100. Angalia kalenda, mara zote mbili uchaguzi ulikuwa Agosti. Kwa hivyo serikali inajua njia ya kufika kwenye unga wako. Inajua wasagaji, inajua maghala, inaweza kutoa mabilioni ndani ya wiki. Ikitaka kura inakuja na bei. Hatujawahi kuona kampeni inayokuja na matokeo ya maabara, na kosa hilo ni letu pia, maana hatujawahi kuyaitisha. Sisi hupiga kelele unga ukipanda. Ukiwa na sumu tunasambaza picha siku tatu, halafu mechi inaanza.

Mtu atasema, basi wacha tumwachie KEBS, ndiyo kazi yao. Sawa, lakini kumbuka sukari. Mei 2023 ilibainika kwamba magunia 20,000 ya sukari iliyoingizwa nchini 2018 na kukataliwa kuwa haifai kuliwa yalikuwa yametoka ghalani na kuingia sokoni, ilhali ilipaswa kugeuzwa spiriti ya viwandani. Maafisa 27 wa serikali walisimamishwa kazi, mkurugenzi mkuu wa KEBS akiwemo. Fikiria vizuri. Sukari hiyo ilikuwa imepimwa, imekataliwa, imeandikwa kwenye faili, imefungiwa, na bado ikatoka. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya mkulima, mbolea ya ruzuku iliyouzwa kupitia maghala ya serikali yenyewe, wakulima wakajikuta wamenunua kitu ambacho si mbolea. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, alipigiwa kura ya kuondolewa Bungeni tarehe 2 Mei 2024, na siku chache baadaye kamati teule ikamsafisha.

Kwa hivyo tusidanganyane kwamba tatizo ni uhaba wa sheria. Sheria ziko nyingi mpaka zinagongana. Na zikiamua kumpata mdogo zinampata haraka. Sheria ya mbegu ilikuwa inamtisha mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwa kifungo cha mpaka miaka miwili au faini ya mpaka shilingi milioni moja, mpaka Mahakama Kuu ya Machakos ilipofuta vifungu hivyo Novemba 2025 baada ya wakulima wadogo 15 kwenda kortini. Wakulima kumi na watano tu. Niliposoma habari hiyo ndipo nikaamua niandike makala hii.

Tuje nyumbani, Eastlands. Hapa ukitaja neno “usimamizi wa serikali” kijana anaona gari la kanjo. Anaona mama anakimbia na beseni la sukuma, viatu vimebaki barabarani. Anaona mtu wa kinu akiulizwa leseni, cheti cha afya cha wafanyakazi, kibali cha zimamoto, na asipokuwa na moja, “ongea vizuri.” Kwa hivyo najua wengi wenu mnaposoma hapa mnajisemea, huyu jamaa anataka kutuletea kanjo kwa mama wa unga. Hapana. Naogopa hilo kama wewe. Mama yangu ameuza githeri miaka kumi na moja.

Ninachotaka ni kinyume chake. Kaunti tayari inachukua pesa kwa watu hawa. Jedwali la Nne la Katiba limeweka wazi: ulinzi wa mlaji kwa jumla ni wa serikali ya taifa, lakini kilimo, masoko, leseni za biashara, biashara ya haki, na kudhibiti wanaouzia umma chakula ni kazi ya kaunti. Ile ofisi ya pili iliyotuambia unga usio na chapa si kazi yao, huenda kwa upande wao walikuwa sahihi. Lakini basi ilipaswa kuwa kazi ya mwingine, na huyo mwingine ndiye anayekusanya ada ya leseni ya kile kinu. Ukilipa leseni ya kuuza chakula unalipia nini hasa? Kama ni karatasi ya kutundika ukutani, basi ni ushuru wa kawaida, tusiiite afya.

Na mahali pa kupima si kwa mama. Mama ana gorogoro ishirini. Hata ukimkuta na mahindi mabaya umemkamata mtu wa mwisho kwenye mnyororo, umemtia hasara ya mtaji wote, na lori lililomletea liko njiani na shehena nyingine. Pima pale yanaposhushwa. Lori moja linabeba mamia ya magunia, na yote yanapitia maghala ambayo hata mtoto wa mkokoteni anayajua. Kuna vipimo vidogo vya karatasi, vinavyofanana na vile vya malaria, vinatoa jibu kwa dakika chache, na wasagaji wakubwa wanavitumia kila siku kabla ya kukubali mahindi ya mkulima. Kwa nini msagaji mkubwa ajue na sisi tusijue? Kaunti ikiwa na maafisa wachache wenye vipimo hivyo kwenye maghala ya jumla, na karatasi ya matokeo ikabandikwa mlangoni, mama wa gorogoro atachagua wa kununua kwake. Hakuna atakayekimbizwa.

Haki zenyewe unazo tayari. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya chakula cha kutosha na cha ubora unaokubalika. Cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, habari anazohitaji, kulindwa afya yake, na fidia akiumizwa na bidhaa mbovu. Hakijasema “mnunuzi wa supamaketi.” Mnunuzi wa gorogoro ni mnunuzi.

Na cha 35 kinakupa haki ya kuitisha habari zilizo mikononi mwa serikali. Hiki ndicho tunachoanza nacho, kwa sababu hakihitaji wakili wala pesa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, soma tena, au Kiswahili. Hakuna ada ya kupeleka ombi, labda utalipia tu kunakili karatasi. Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumwandikia. Wana siku 21 za kujibu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakinyamaza, unapeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hilo pia ni bure.

Tumeshaandika barua kwa Kaunti ya Nairobi. Tunauliza kwa miezi kumi na miwili iliyopita wamechukua sampuli ngapi za mahindi na unga usio na chapa, kwenye maghala yapi na vinu vya wodi zipi. Tunauliza ngapi zilipita mikrogramu 10, na mahindi hayo yalipelekwa wapi baada ya kukutwa hivyo, kwa sababu baada ya ile sukari hatuwezi tena kusadiki neno “yaliharibiwa” bila kuona karatasi. Tunauliza pia vinu vingapi vina leseni na kaunti ilikusanya pesa ngapi kutoka kwao. Tukipata namba mbili, ya pesa zilizoingia na ya sampuli zilizopimwa, tutaziweka hapa kando kwa kando, mjisomee.

Barua moja ni rahisi kuitupa. Nairobi ina wodi 85. Ndugu yangu, dada yangu, nataka angalau barua moja kutoka kila wodi ya Eastlands, imeandikwa na mtu anayeishi hapo na kutaja kinu anachosagia bila kumshtaki mwenyewe. Tunaomba msimtaje mtu kwa jina wala kupiga picha ya duka la mtu na kuiweka mtandaoni. Tukianza hivyo, kesho kutwa kuna kijana ataandika uongo kwa sababu ya deni la mandazi, duka litavunjwa, na sisi ndio tutakuwa tumelivunja.

Halafu bajeti. Kaunti hupitisha bajeti yake kabla ya 30 Juni kila mwaka na sheria inataka wananchi washirikishwe kabla ya hapo. Ile mikutano mnaijua, ya kutangazwa jana ifanyike kesho, wazee kumi na soda. Tutaenda nayo tuseme neno moja tu: vipimo vya nafaka kwenye maghala. Mwakilishi wako wa wodi akikuuliza mtambo huo uko wapi aufungue kwa utepe, mwambie hauna utepe.

Wakati tunasubiri, kuna mambo ya nyumbani, na nayasema nikijua hayatoshi. Nunua mahindi mwenyewe badala ya unga uliokwisha sagwa, uone punje. Yamwage kwenye sinia mchana, siyo usiku kwa taa, toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ukungu na zilizotobolewa. Usizitupie kuku wala kumuuzia mwenye ng'ombe, zitakurudia kwenye yai na maziwa. Ukiweza, koboa kabla ya kusaga, maana sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini cha punje. Ndiyo, kukoboa kunaongeza pesa, na unga unapungua, na kuna virutubisho unapoteza. Hiyo ndiyo hesabu mbaya ambayo masikini anaachiwa aifanye peke yake. Mahindi yasikae sakafuni wala kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa yakiwa na unyevu, na unga wa kinu usage wa wiki moja, siyo wa mwezi. Ukinunua pakiti, tuma SM# na nambari ya kibali kwenda 20023, utajibiwa kama kibali ni halali. Hutaambiwa kama hiyo pakiti yako ilipimwa.

Nyumba nyingine hata sinia la kuchambulia hakuna nafasi ya kuliweka, watu sita kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, mama anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Industrial Area na kurudi usiku. Usimwambie huyo achambue punje. Mwandikie barua kwa niaba yake.

Kuhusu zakatul-fitri, kamati imekaa. Mwaka huu tutanunua mahindi wiki tatu mapema, tutachukua sampuli kutoka kila gunia tuzichanganye, tupeleke maabara na kulipa. Gharama hiyo itakatwa kwenye mchango wa usafiri wetu, siyo kwenye haki ya masikini. Kama kuna kijana anayesomea sayansi ya chakula au anafanya kazi maabara na anaweza kutuonyesha jinsi ya kuchukua sampuli vizuri, atuandikie leo. Yule mama wa mfuko mchungu tumemwomba aje asimame nasi siku ya kupakia. Amesema atakuja, lakini ataonja kwanza.

Mfano wa barua ya Kiswahili umebandikwa kwenye chapisho la juu ya ukurasa. Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo. Wa Kayole na Komarock mkutane Jumamosi baada ya Adhuhuri tuzijaze pamoja. Wa Majengo na Eastleigh, Jumapili baada ya Alasiri. Njoo na kalamu, na ukija na jirani asiye Muislamu ni vizuri zaidi, kinu ni kimoja.